Chama sio bodi: jinsi ya kuomba usajili wa mkandarasi daraja la saba ukiwa Moshi au Arusha

Mafundi wenzangu, naandika hii cheti cha kampuni yetu cha CRB, bodi ya makandarasi, kikiwa mezani, kimetoka wiki iliyopita baada ya miezi saba, na katika hiyo saba mitatu ilipotea bure kwa sababu mimi na shemeji yangu tulikuwa hatujui tofauti ya chama na bodi. Nimeona wengi mnauliza maswali yale yale tuliyokuwa tunajiuliza sisi, kwa hiyo nawaeleza yote.

Sisi tuko Moshi, Pasua. Miaka mingi tumejenga chini ya makampuni ya watu, tukasema sasa tufungue ya kwetu. Site moja kule Kiborloni tukakutana na jamaa anasema anasaidia watu kupata usajili, tukampa laki nne na nusu kwa simu. Baada ya wiki mbili analeta cheti kizuri, kina muhuri, kimeandikwa jina la kampuni na neno "mwanachama". Tukakiweka kwenye fremu kabisa. Tumekuja kushtuka siku tunapeleka makaratasi kuomba kazi ya kujenga madarasa, dada wa manunuzi akakisoma mara mbili akaniuliza taratibu, "Kaka, hiki ni cha chama, cha CRB kiko wapi?" Aisee nilitoka pale miguu mizito. Cheti hakikuwa cha kughushi, chama kipo kweli. Aliyetudanganya ni yule jamaa, na simu yake haipatikani mpaka leo.

Sasa elewa hivi. Bodi imewekwa na sheria, na bila usajili wake huruhusiwi kufanya kazi. Kampuni ya ujenzi inasajiliwa na CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa sheria Na. 17 ya 1997. Mhandisi kama mtu anasajiliwa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, sheria Na. 15 ya mwaka huo huo. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wako AQRB, bodi yao wenyewe. Fundi umeme anayefunga waya kwenye nyumba za watu anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Chama ni watu wa kazi moja wamekaa pamoja kwa hiari yao, wanachanga ada, wanasemeana. Mhandisi anaweza kuwa mwanachama wa IET, chama cha wahandisi, miaka kumi lakini kama hayuko ERB basi kisheria bado hajasajiliwa. Na cheti cha chuo cha ufundi cha VETA nacho kinasema wewe unajua kazi, hakisemi kampuni yako imesajiliwa, hivyo ni vitu viwili.

Njia rahisi ya kujua unalipa wapi ni kontrol namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Malipo ya bodi ni malipo ya serikali, yanatoka na kontrol namba na unalipa benki au kwa simu kwa namba hiyo. Mtu akikupa namba yake ya simu akasema tuma hapa ya usajili, simama hapo hapo, hata kama amevaa kitambulisho shingoni. Hiyo peke yake ingetuokolea laki nne na nusu.

Haya, maombi yenyewe. BRELA (kuandikisha kampuni) na TIN (namba ya mlipa kodi) sitakaa sana, mnajua, vitambulisho vya NIDA vya wakurugenzi viwe tayari na mkiandika shughuli za kampuni hakikisheni ujenzi upo, sio "biashara ya jumla" tu maana mtarudishwa kurekebisha. Afu chagua aina kabla ya daraja. Kuna majengo, kuna kazi za barabara na madaraja, kuna umeme, mitambo, na kuna kazi maalumu kama kuchimba visima. Majengo yana daraja la kwanza mpaka la saba, la kwanza ndio juu na halina ukomo wa thamani ya kazi, la saba ndio tunaloanzia wengi. Ukisajiliwa majengo usidhani utaomba na kazi ya barabara ya mtaa, hapana, ile ni aina nyingine na maombi mengine.

Hapa sasa ndio pa kutulia, mtaalamu wa kampuni. Uzoefu wako wa miaka ishirini kwenye tofali hautoshi peke yake, bodi inataka mtu mwenye vyeti vinavyolingana na aina na daraja unaloomba. Sisi tulimpata kijana mmoja amesoma chuo cha ufundi Arusha (Arusha Tech), mchapakazi, tukawasilisha kila kitu, kumbe jina lake bado linasoma kwenye kampuni aliyowahi kufanya kazi Njiro na aliondoka bila barua. Maombi yakasimama. Ilibidi apande basi kwenda Arusha mara tatu kumtafuta bosi wake wa zamani ili apewe barua ya kuachana, na bosi yuko site Karatu, harudi mpaka wikiendi. Kwa hiyo muulize mtaalamu wako mapema kabisa, kabla hamjalipa senti, jina lako liko wapi sasa hivi, na kama lipo mahali alitoe kwanza kwa maandishi. Na mlipeni vizuri, msimtumie kama jina tu. Yule kijana ndiye aliyetuonyesha makosa ya nondo kwenye ngazi ambayo mimi nimeyafanya miaka yote, na watu wanapanda ngazi hizo.

Vifaa navyo, uthibitisho wa umiliki. Mikseri yetu tulinunua mkono wa pili Unga Limited kule Arusha bila risiti, tukahangaika kuandikishana na muuzaji kwa wakili. Kama unanunua leo, dai risiti leo. Ukikwama nenda ofisi ya kanda ya kaskazini ya CRB pale Arusha ukaulize mwenyewe, nauli ya kutoka Moshi ni ndogo kuliko hela ya dalali.

Ukishapata cheti kazi haijaisha. Kuna ada ya kila mwaka, usipolipa unaweza kufutwa. Kila mradi unausajili kabla ya kuanza, na kibao cha mradi kinasimama site.

Na chama? Sisi mwezi ujao tunajiunga, safari hii tunaenda ofisini kwao wenyewe na namba ya bodi mkononi. Peke yako huna pa kusemea malipo yakicheleweshwa, na wakongwe wa kule wanajua tenda ipi ina pesa kweli na ipi itakuachia deni la sementi dukani.