Figo laini ya PVA kwa mazoezi ya upasuaji

Daktari mmoja anayesomea upasuaji wa njia ya mkojo aliniomba nimsaidie kutengeneza figo yenye uvimbe, inayokatika kwa kisu na kushika uzi wa kushonea. Alikuja na TPU (plastiki inayonyumbuka ya printa ya 3D) yenye ugumu wa 95A. Hiyo achana nayo; hata ya 85A bado ni ngumu kama soli ya kiatu. Printa ya 3D ichape kalibu tu, figo yenyewe imiminwe kwa PVA (polivinili alkoholi, poda inayopikwa na maji).

Wengi hukimbilia silikoni kama Ecoflex 00-30. Ni rahisi kumimina na inadumu, lakini haipitishi umeme, kwa hiyo kisu cha umeme hakiikati. Sauti nayo hupita ndani yake kwa takriban mita 1,000 kwa sekunde, wakati kwenye nyama ya mwili ni kama 1,540, hivyo picha ya ultrasaundi hupotoka. PVA iliyopikwa ni maji kwa sehemu kubwa. Ukiyatia chumvi kidogo (gramu 9 kwa lita), inakubali vyote viwili.

1. Kalibu
Toa umbo la figo kwenye picha za CT kwa programu ya 3D Slicer, tengeneza kalibu yake ya vipande viwili, chapa kwa PLA (plastiki ya kawaida ya printa ya 3D). Paka vaselini ndani na kwenye maungio.

2. Poda
Nunua poda ya PVA ambayo lebo yake inaonyesha hidrolisisi (kiwango cha kubadilishwa kwake kikemikali kiwandani) ya 98 hadi 99%. Ya 88% haigandi vizuri. Gundi nyeupe ya mbao, ingawa nayo huitwa PVA, ni kitu kingine kabisa.

3. Kupika
Gramu 10 za poda kwa gramu 90 za maji yenye chumvi ile. Nyunyiza poda kwenye maji baridi huku ukikoroga. Ukianza na maji ya moto utapata mabonge yasiyoyeyuka. Weka chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto, kifunike, kifike nyuzi 90, na ukoroge hadi uji uwe angavu. Usiubandike motoni moja kwa moja, utaungua chini. Acha upoe hadi nyuzi 40 hivi ndipo umimine, kwa sababu PLA hulegea karibu na 60. Rangi iwe ya akriliki. Rangi ya chakula huvuja na kuchafua kila kitu.

4. Kugandisha na kuyeyusha
Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. PVA haiwi ngumu kwa kukauka. Hushikamana inapoganda na kuyeyuka, na kila mzunguko huongeza ugumu. Kwa nyama ya figo mimi hutumia mizunguko miwili: saa 12 kwenye friza ya nyuzi -20, kisha saa 12 nje. Uvimbe hutangulia peke yake kwa mizunguko miwili, kisha naushikilia katikati ya kalibu kwa uzi mwembamba wa nailoni na kumimina figo kuuzunguka. Hivyo uvimbe unapata mizunguko minne kwa jumla, unakuwa mgumu kuliko figo, na kidole kinautambua.

Usiharakishe kuyeyusha. Maji ya moto au jua huharibu, maana ushikamano mwingi hutokea wakati barafu inapoondoka polepole. Acha nafasi juu ya kalibu, kwani maji yakiganda hutanuka kwa karibu 9% na yatapasua maungio. Na umeme ukikatika usiku, kagua kabla ya kuendelea: figo iliyoyeyuka nusu na kuganda tena imeshapata sehemu ya mzunguko wa ziada, upande wa nje ukiwa mgumu kuliko ndani. Hiyo usimpe mwanafunzi. Itamfundisha mkono usio sahihi. Friza ya kifua iliyojaa chupa za maji yaliyoganda hushikilia baridi vizuri kuliko ya kabati, ndiyo ninayoipendekeza.

5. Kutunza
Iweke kwenye mfuko uliofungwa na maji ya chumvi kiasi kilekile, ndani ya friji, si friza. Ikiachwa wazi hukauka na kusinyaa. Ikianza kunuka au kuteleza, itupe.