Jinsi ya kwenda kusema mbele ya halmashauri ya Iowa City kabla ghorofa halijapitishwa

Kila ghorofa jipya linapotajwa katikati ya Iowa City, huku Marekani, voisi za WhatsApp hujaa: kodi itapanda, wanajengewa wanafunzi tu, sisi tutasukumwa mpaka wapi? Siku ya madiwani kupiga kura, ukumbini Waswahili tunahesabika kwa vidole. Mimi natokea Uvira, Kongo, usiku nafanya usafi maofisini, na mchana hukaa na mama na papa za kwetu tukiandaa maneno ya kusema. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza elewa mji huu unavyokula. Chuo Kikuu cha Iowa kiko bega kwa bega na mji: ukivuka barabara ya Clinton kutoka Old Capitol, lile jengo la kale la chuo, umeshafika madukani. Mwenye nyumba wa pale anamtafuta mpangaji anayelipia chumba kimoja, mkataba wake unaanza Agosti 1, na mwakani anakuja mwingine. Familia yenye watoto watano haipangi hivyo. Kwa hiyo usiende kusema "hatutaki ghorofa". Watakujibu kwamba wanafunzi wakihamia ghorofani, nyumba za mitaani zitapumua, na jibu hilo lina ukweli ndani yake. Uliza: humo ndani kuna nyumba ngapi za vyumba vitatu?

Pili, usingoje kikao kikubwa. Mradi unaotaka kubadilisha masharti ya ujenzi ya kiwanja hupita kwanza kwenye kamisheni ya mipango miji. Huko watu ni wachache, wana muda wa kusikiliza, na mchoro bado unaguswa. Ukifika kwa madiwani, mwenye mradi ameshalipa wahandisi na kila kitu kimeganda.

Kuna silaha moja ambayo wengi hawaijui. Sheria ya jimbo la Iowa inasema wenye ardhi waliomo ndani ya futi 200 kutoka kiwanja hicho wakiweka pingamizi la maandishi, na ardhi yao ikafika asilimia 20 ya eneo hilo, mabadiliko hayapiti mpaka robo tatu ya madiwani wote wakubali. Madiwani ni saba, kwa hiyo lazima wapatikane sita. Mradi wa Chauncey, ghorofa la kona ya College na Gilbert, ulikwamia hapo mwaka 2013: waliouunga mkono walikuwa wengi, lakini hawakufika sita. Ulirudi mwaka 2015 ukapita. Mpangaji hana sahihi kwenye pingamizi hilo. Lakini kanisa lenye kiwanja chake, au duka lenye jengo lake, linayo, na baadhi ya hao tunasali nao.

Sasa, omba kitu walicho nacho. Ukiwaambia madiwani waweke kikomo cha kodi ya nyumba unapoteza pumzi, kwa sababu sheria ya jimbo inakataza miji kufanya hivyo. Wanachoweza kukigusa ni pesa. Kuna mpango unaoitwa TIF: jengo likipanda thamani, kodi ya majengo inayotozwa kwenye lile ongezeko, badala ya kwenda kwenye matumizi ya kawaida ya jiji na kaunti, hurudishwa kugharamia mradi kwa miaka kadhaa. Ukisikia TIF, uliza ni miaka mingapi, na sisi tunapata nini. Hapo kusini kidogo, eneo la Riverfront Crossings, tangu 2016 anayejenga makazi chini ya masharti mapya hutakiwa kutenga asilimia 10 ya nyumba kwa wenye kipato kidogo. Litaje kwa jina. Diwani hawezi kujifanya haelewi.

Kuhusu kusema kwenyewe. Dakika ni chache na saa inahesabu mbele yako. Kwetu salamu peke yake inamaliza nusu ya muda: kumshukuru Mungu, kumshukuru meya, kuulizia watoto. Iache mlangoni. Sema hivi:

"Mheshimiwa Meya, naitwa fulani, naishi Iowa City. Nina watoto watano na nafanya kazi hapa mjini. Mradi huu unaomba pesa za TIF. Naomba msizitoe mpaka mwenye mradi aweke nyumba za vyumba vitatu ambazo familia kama yangu inaweza kuzilipia. Asante."

Basi, kaa chini. Mwenzako anayefuata asirudie. Yeye azungumzie basi, kwa kuwa nauli ya mabasi ya jiji ilifutwa mwaka 2023 na hoja ya kwamba magari yatakosa maegesho haina tena nguvu ileile.

Kama Kiingereza kinakwama, mwandikie karani wa jiji siku kadhaa mapema uombe mkalimani, na uulize kama muda wa kutafsiri unakatwa kwenye dakika zako. Usimtegemee mtoto. Nimemwona kijana akimfupishia mama yake mpaka hasira yote ikageuka "she is concerned", yaani ana wasiwasi tu.

Vikao vya madiwani huwa Jumanne jioni, jengo la City Hall, barabara ya Washington. Mabadiliko ya masharti ya ujenzi husomwa mara tatu katika vikao tofauti, isipokuwa madiwani wakubaliane kuunganisha. Kwa hiyo kushindwa mara ya kwanza hakumalizi kitu; rudi mara ya pili na watu wengine. Wa zamu ya usiku waandike barua pepe kwa halmashauri kabla ya kikao, waweke jina la mradi juu kabisa, na barua itaingia kwenye kabrasha ambalo madiwani wanapewa.