Kumpata kocha mpya timu ikiwa mkiani: mwongozo wa katibu wa klabu, Kigoma

Mimi ni katibu wa klabu ya mtaani hapa Kigoma, huu ni msimu wa kumi na moja. Katika muda huo tumeajiri makocha watano. Wawili tuliwapatia kweli, mmoja alikuwa wa kawaida, na wawili waliobaki mashabiki wa mtaa wa Gungu wakiniona sokoni bado wananitania. Mengi ya hapa chini nimejifunza kwa hao wawili.

Kwanza tuelewane kwenye vyeo. Ukifuatilia soka la Uingereza utasikia mtu anaitwa meneja, naye ndiye anayefundisha, anayepanga kikosi na mara nyingi ana sauti kwenye usajili. Kwetu meneja wa timu ni yule anayehangaika na basi, chakula na leseni za wachezaji. Hapa nazungumzia kocha mkuu, yule wachezaji wanayemwita Mwalimu.

Hatua ya 1: Usiamue usiku wa mechi

Timu ikifungwa jumamosi, kufika saa mbili usiku wanakamati wameshapigiana simu, magrupu ya WhatsApp yamechafuka, na yupo mtu ana rafiki yake "kocha mzuri sana, yuko huru". Wekeni utaratibu kwamba hakuna kikao cha kumjadili kocha kabla ya siku tatu kupita. Sisi tumeuandika kwenye kanuni zetu.

Msijilinganishe na wakubwa. Novemba 2024 Yanga walifungwa na Azam, kisha Tabora United wakawapiga 3–1, na Miguel Gamondi aliyewapa ubingwa msimu uliotangulia akaondoka. Akaja Sead Ramovic, naye Februari akaondoka zake. Makocha wawili wamepita ndani ya msimu mmoja, na ubingwa wakauchukua vilevile, kwa sababu kikosi chao kinabeba. Mimi na wewe tukikosea mara moja tunashuka daraja.

Hatua ya 2: Tafuta ugonjwa kabla ya daktari

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo klabu nyingi huiruka. Chukua daftari. Kwa kila bao mlilofungwa msimu huu andika dakika, limetokana na nini (kona, faulo, krosi, kupoteza mpira katikati), na nani alikuwa amechelewa kurudi. Pembeni yake andika mahudhurio ya mazoezi ya wiki ile. Usitegemee kumbukumbu ya mashabiki. Wao wanakumbuka penalti iliyokoswa tu.

Nikupe mfano wetu. Tulishamwondoa kocha, tukaanza kutafuta mwingine, ndipo nikakaa na daftari. Mabao mengi tulikuwa tunafungwa dakika ishirini za mwisho. Kamati nzima ikasema pumzi, kocha hakuwapa mazoezi ya nguvu. Lakini yalikuwa hayaji kila wiki. Mechi mbili tunakufa kipindi cha pili, mbili zinazofuata tunamaliza tukiwa wazima, halafu tunakufa tena. Nilihangaika nayo jioni nzima mpaka mke wangu, ambaye anauza dagaa mwaloni Kibirizi, akachungulia tarehe na kusema, "Hizi si za giza hizi?"

Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu. Wachezaji wetu sita wa kikosi cha kwanza ni wavuvi. Wakati wa giza walikuwa wanaingia ziwani jioni, wanatoka alfajiri, na saa kumi jioni wanavaa jezi. Hapo hata ungemleta nani asingewaponya. Dawa ilikuwa kuongea na wenye mitumbwi wawaachie vijana usiku mmoja kabla ya mechi, na kamati iwafidie.

Nilimpigia simu yule kocha tuliyemwondoa nikamwomba radhi. Akacheka. "Katibu, mimi hilo niliwaambia mwezi wa tisa. Lipo kwenye ripoti." Nikaenda kuifukua ripoti. Lipo, ukurasa wa pili.

Kwa hiyo ukimaliza daftari, gawa matatizo mafungu mawili: yale ambayo kocha anaweza kuyarekebisha na yale ya uongozi. Ya uongozi mshughulikie wenyewe kuanzia wiki hiyohiyo. Kwa yale ya kocha andika mistari mitatu tu inayoeleza mnamtaka mtu wa namna gani. Yetu ilisomeka hivi: ajue kupanga ulinzi wa kona, aweze kufundisha kwa siku tatu za mazoezi kwa wiki, na akae hapahapa mjini.

Hatua ya 3: Jua mfuko wenu

Piga hesabu ya mshahara, chumba, nauli na posho za safari, kisha mtajie kocha kiasi ambacho mnaweza kumlipa katika mwezi mbaya kuliko yote. Mwaka 2024 Serikali ilipolipumzisha ziwa kwa kusimamisha uvuvi, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, wafadhili wetu wenye mitumbwi hawakuwa na cha kutoa, na sisi tulikuwa tumeahidi kwa hesabu za mwezi mzuri. Aibu ile sitaki kuirudia.

Hatua ya 4: Weka kaimu, na umweleze ukweli

Mara nyingi kocha msaidizi anatosha kushika timu wakati mnatafuta. Wengi mnakumbuka Januari 2024 kule Kodivaa: kocha mkuu Adel Amrouche alifungiwa baada ya mechi ya kwanza ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika), Hemed Suleiman "Morocco" akaichukua Taifa Stars katikati ya mashindano, akatoka sare na Zambia na DR Congo. Baadaye ndiye aliyeivusha timu kwenda AFCON 2025. Hakuletwa kutoka mbali. Alikuwa kwenye benchi lilelile.

Kosa ni kumwambia kaimu "shinda tuone". Hapo atacheza kulinda nafasi yake, chipukizi hatawagusa, na wachezaji wakongwe watamshika mateka. Mpe idadi ya mechi, mwambie kama na yeye ni mgombea au siye, basi.

Hatua ya 5: Orodha fupi na simu ndefu

Uliza chama cha soka cha mkoa leseni gani inatakiwa kwa ligi yenu msimu huu. Leseni za CAF (Shirikisho la Soka Afrika) zinapanda kutoka D, C, B, A hadi Pro, na kanuni za benchi hubadilika. Taka kuona leseni yenyewe, siyo picha ya cheti cha semina.

Majina makubwa sasa. Kocha wetu wa pili alikuwa mchezaji wa zamani aliyewahi kuvuma. Siku anakuja nilikuwa stesheni, treni ilipofika watu walikuwa wamejaa mpaka nje, ngoma zinapigwa, mwenyekiti wetu kavaa suti juani. Alikaa wiki saba. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alizoea kucheza na wenzake waliojua kila kitu, kwa hiyo beki wetu akikosea alikuwa anashika kiuno na kutikisa kichwa, ila namna ya kumrekebisha hakuwa nayo. Tulinunua kumbukumbu.

Kwa kila jina kwenye orodha, piga simu alikotoka, lakini usianze na mwenyekiti. Mwenyekiti atakusifia mtu anayetaka aondoke, au atamponda anayemdai. Mtafute mtunza vifaa na kipa wa akiba. Kipa wa akiba hachezi ila anahudhuria mazoezi yote, na hakuna anayemwona kocha katika siku zake za hasira kama yeye. Kuhusu kocha wetu wa sasa, mtunza vifaa wa timu yake ya zamani aliniambia, "Mzee, huyo alikuwa anafika uwanjani kabla yangu, na funguo ninazo mimi." Nikaweka alama kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Mwoneni akifundisha

Wasifu unaandikwa hata na mpwa wake. Waite wawili au watatu wa mwisho, kila mmoja apewe siku yake: wachezaji kumi na wanane, mipira kumi, bips (vizibao vya rangi vya mazoezi), koni, saa moja na nusu. Nauli na chakula juu yenu. Mwambieni tatizo moja mnalotaka alifanyie kazi, sisi tulisema kona.

Wanakamati wakae mbali kidogo, bila kupiga kelele wala kushauri. Mimi nina njia yangu: namchagua mchezaji mmoja wa kawaida, naye hajui, namfuatilia dakika ishirini za kwanza nikihesabu ameugusa mpira mara ngapi. Nilimchagua beki wetu wa kushoto. Kwa mgombea wa kwanza vijana walipanga foleni ndefu wakipiga mashuti golini mmoja mmoja. Ilipendeza kutazama, na mashabiki waliokaa ukutani walipiga makofi. Beki wangu aligusa mpira mara nne. Muda mwingine wote alisimama, akafunga kamba za viatu mara mbili.

Mgombea wa pili aliugawa uwanja vipande vitatu, wachache kwa wachache, magoli ya koni. Nilipofika thelathini nilipoteza hesabu. Lakini kilichonishika ni kabla ya hapo. Aliwakusanya, akauliza, "Nani alikuwa ziwani jana usiku?" Mikono minne ikanyooka, kwa woga, maana walizoea kugombezwa. Akawavalisha bips za njano akawafanya wa pembeni, wanaopokea na kurudisha mpira bila kukimbia. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za wavuvi wetu. Nadhani aliwaona macho.

Kwenye kona alipanga, ikashindikana. Bao likaingia. Tazama hapo sana, zoezi linaposhindikana. Yule wa kwanza alipandisha sauti. Huyu alimsogeza mtu mmoja hatua mbili kwenda nguzo ya karibu, akarudia, likaingia tena. Akacheka mwenyewe, akamwuliza kipa, "Wewe unaona nini kutoka hapo?" Kipa wetu ana misimu sita, na kwa ninavyojua hilo swali hajawahi kuulizwa.

Hatua ya 7: Mazungumzo

Watu watatu wanatosha. Mkiwa tisa inageuka baraza la usuluhishi. Mimi huuliza: mara ya mwisho kuachishwa kazi ilikuwaje? Anayelaumu waamuzi, uwanja, wachezaji na viongozi, wote kwa pamoja, kesho atakulaumu wewe. Pili, nampa kikosi cha mechi iliyopita na kumwuliza nani angemweka nje na angemwambiaje. Sehemu ya "angemwambiaje" ina uzito kuliko jina.

Kisha mwache aulize yeye. Kocha wetu wa sasa aliuliza moja tu: "Hapa nani anapanga kikosi?" Kimya. Mwenyekiti akatazama dari. Mweka hazina akakohoa. Ikabidi niseme kwamba siku za nyuma kulikuwa na karatasi zinazotoka kwa wafadhili. Akasema, "Asante kwa kusema. Mimi nikiipata karatasi hiyo nitarudi nyumbani." Tulimpa kazi kesho yake.

Kuhusu ile "kamati ya ufundi" nyingine, ile ya waganga, inayolala na mayai na kuku golini, naomba tu fedha yake isitoke kwenye fungu la mipira.

Hatua ya 8: Mkataba

Uandikwe, usainiwe, kila upande ubaki na nakala. Weka mambo manne: malipo na tarehe yake, nani ana neno la mwisho kwenye kikosi na usajili, lengo, na namna ya kuachana. Lengo liwe pointi ndani ya idadi ya mechi, kwa mfano pointi kumi na mbili katika mechi kumi zijazo, mkiwa mmetazama mnacheza na nani. Tangu Mashujaa, timu ya hapahapa mjini, wapande Ligi Kuu mwaka 2023, na hasa walipowatoa Simba kwa penalti Kombe la Shirikisho Aprili 2024 hapa Kigoma, kila mtu mjini anaona na timu yake inaweza. Kamati ikiingiza ndoto hiyo kwenye mkataba, mtakuwa mmeshamfukuza kocha siku ya kusaini.

Kipengele cha kuachana kisiachwe kwa aibu. Mtamlipa nini mkimwondoa kabla ya muda? Kocha wa kigeni asipolipwa anaweza kwenda FIFA, na klabu ikajikuta imefungiwa kusajili. Wa nyumbani naye ana pa kushtaki.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza

Mwenyekiti amtambulishe kwa wachezaji kwa dakika tano, kisha viongozi wote waondoke uwanjani, mimi nikiwemo. Mpeni karatasi ya wachezaji yenye kazi ya kila mmoja na namba ya mwajiri wake, daftari la mabao, na kwa sisi wa ziwani, kalenda yenye siku za mbalamwezi. Halafu mtunza vifaa amfungulie stoo na mipira ihesabiwe mbele yake. Yetu ilikuwa saba, miwili inavuja, na tulikuwa tumemwambia kumi, kwa sababu siku ya majaribio mitatu tuliazima shule ya jirani.