Jinsi ya kufuatilia fedha za komini yako mjini Lubumbashi

Mkaaji wa Katuba au Ruashi, komini (manispaa) za Lubumbashi nchini Kongo (DRC), anapoona mfereji umezibwa na taka, lawama ya kwanza humwendea bugumestre, yaani mkuu wa komini. Kabla ya kumlaumu, tafuta fedha zimekwama kwenye mlango gani.

Mji, komini, sekta na usultani vinatambuliwa na Katiba ya 2006 kuwa ngazi zinazojiongoza. Kartie, yaani mtaa ndani ya komini, haimo, kwa hiyo barua yako isiishie kwa mkuu wa kartie.

Kisha tenganisha njia za fedha, kwani hapa ndipo wengi hupotea. Kifungu cha 175 cha Katiba kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe yanapokusanywa, na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaagiza asilimia 40 ya fungu hilo ziende kwenye ngazi hizo za chini. Kwa vitendo, serikali kuu ya Kinshasa hukusanya zote kwanza, hugawa baadaye na mara nyingi pungufu, nalo jimbo lenye madeni yake hurudisha kwa komini kile linachoweza kuachia. Ndiyo maana komini nyingi huishi kwa ushuru wa soko, na mama muuza mboga hulipa pengo lililoachwa na wakubwa. Njia ya pili ni mrabaha wa madini, yaani malipo ya kampuni za uchimbaji. Sheria ya madini ya 2018 inaugawa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au usultani wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 huwekwa na kampuni kwenye akaunti ya ngazi husika bila kupitia Kinshasa. Usiichanganye na asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni, ambayo husimamiwa na chombo kingine.

Sasa andika barua kwa bugumestre ukiomba bajeti iliyopitishwa na taarifa ya utekelezaji wake, ukibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Linganisha makadirio na mapato halisi. Ikiwa fedha za jimbo ziliandikwa lakini hazikuingia, ipeleke hoja kwa wabunge wa jimbo. Ikiwa mrabaha uliingia na mfereji ungali umeziba, madiwani waliochaguliwa Desemba 2023 ndio wenye kazi ya kumuita bugumestre ajieleze, nawe uwakabidhi nakala za karatasi zako.