Baba au mama akipigwa mvua ndefu, watoto mnawaleaje

Baba yangu alipigwa mvua 30, yaani miaka 30 jela, unyang'anyi wa kutumia silaha, mi niko darasa la pili hapa Dodoma, akatoka mwaka wa 11 kwa rufaa, kwa hiyo haya nimeyaishi. Mama au shangazi uliyebaki na watoto hebu soma.

Cha kwanza kabisa waambie ukweli, tena usichelewe. Sisi tuliambiwa baba yuko machimboni Geita, mi nikawa najisifu shuleni atarudi na baiskeli, mpaka siku moja kwenye foleni ya maji Chang'ombe mtoto mwenzangu akasukuma ndoo yangu akasema "toka, baba ako yuko Isanga", gereza la hapa Dodoma. Kilichoniuma sio Isanga, ni mama, nilikaa miaka simwamini hata akisema unga umeisha. Mwambie tu kwa maneno ya umri wake: baba kafungwa, yuko hai, atakaa sana, na wewe hujakosea kitu.

Halafu usimwahidi mtoto msamaha wa Rais. Kila Aprili 26 na Desemba 9 tunaganda kwenye redio, mdogo wangu kashaoga asubuhi na mapema anamsubiri baba, na wafungwa wa unyang'anyi wa silaha mara nyingi hawamo, jioni hakuna anayekula. Nguvu wekeni kwenye rufaa, notisi, yaani taarifa kwamba unakata rufaa, ni siku 10 tu tangu hukumu na mfungwa anaweza kuitoa hukohuko gerezani, muulizeni mapema sana.

Kumwona mpelekeni, ila mtoto ajue kabla kuna askari, kuna kukaguliwa, na muda ni mfupi. Akikataa aandike barua, zinasomwa lakini zinafika.

Shuleni mwambie mwalimu wa darasa, inatosha. Ada shule za serikali siku hizi haipo ila sare na michango ipo, ukizidiwa wahi ustawi wa jamii halmashauri, na kifungua mimba jamani msimgeuze baba wa nyumba, kaka yangu aliacha form two akaenda kupiga debe stendi, shule hakurudi tena.

Na akitoka msidhani yameisha. Baba alinletea pipi ya kijiti, nina miaka 19. Ikifika saa 12 jioni anaenda kuchuchumaa ukutani, muda wa kuhesabiwa ule, mwili umeshazoea. Msimwambie inuka. Mdogo wangu alikuwa anaenda kuchuchumaa pembeni yake, wanapiga stori mpaka giza linaingia.