Namna ya Kuhamia Kwenye Tasnia ya Gemu Ukitokea Fani Nyingine ya Ubunifu

Mbunifu aliyezoea matangazo, usanifu wa majengo au violesura vya programu za simu (skrini na vitufe anavyotumia mtu), anapotamani kuingia kwenye gemu, mara nyingi huanza kwa kudhani kwamba hana budi kusahau yote aliyoyajua na kurudi darasani. Dhana hiyo inaweza kumpotezea mwaka mzima. Njia fupi ni kutafuta nafasi iliyo jirani na kazi anayoifahamu, kisha kujifunza jambo moja ambalo kazi yake ya awali haikumdai, yaani kubuni kitu ambacho mtu mwingine atakiendesha kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwendo ambao mbunifu hawezi kuupanga.

Anza kwa kuzijua kazi zenyewe, kwa sababu majina yake hudanganya. Anayeitwa mbunifu wa gemu kwa kawaida hachori. Yeye hutunga kanuni: adui asubiri muda gani kabla ya kushambulia, dawa ipatikane mara ngapi, mchezaji apoteze nini anaposhindwa. Mtu wa michoro akiomba nafasi hiyo kwa kutuma mabango yake mazuri, atakataliwa, na si kwa sababu mabango ni mabaya. Aliyetengeneza programu za simu na aliyefanya kazi za michoro na chapa watazamie kwanza ubunifu wa violesura. Msanifu majengo atazamie ubunifu wa hatua, yaani maeneo ambamo mchezo unafanyika, na aliyebuni bidhaa za viwandani atazamie silaha, magari na vifaa. Safari hii si ngeni. Shigeru Miyamoto alisomea ubunifu wa viwandani kabla ya kuajiriwa na Nintendo mwaka 1977, na gemu aliyoibuni, Donkey Kong, ikatoka mwaka 1981. Gemu ya Monument Valley ya mwaka 2014 ilitoka ustwo, kampuni ya London iliyokuwa ikiwafanyia wateja ubunifu wa kidijitali, na waliotengeneza gemu ya The Witness, iliyotoka mwaka 2016, waliwashirikisha wasanifu wa majengo na wa mandhari.

Tofauti kati ya fani hizi huonekana kwenye vitu vidogo. Chukua mlango. Msanifu majengo anajua kwamba mlango wa chumba wenye upana wa sentimita 90 unatosha kabisa. Akiujenga kwa vipimo hivyohivyo katika gemu ambayo kamera humfuata mhusika kwa nyuma, mhusika atapita, lakini kamera itagota kwenye fremu au itazibwa na ukuta, na mchezaji atahisi amebanwa ndani ya chumba ambacho kwenye ramani ni kipana. Ndiyo maana milango, korido na dari za gemu za aina hiyo hupanuliwa kupita vipimo vya kweli. Somo hilo hulipati kwa kusoma. Utalipata jioni moja ukijenga vyumba vitatu kwa maboksi ya kijivu, bila rangi wala samani, na kuvipita mara ishirini ukirekebisha kila kinachokukwaza.

Kwa mtu wa violesura, mfano ni kitufe. Kwenye simu kitufe hungoja kidole. Kwenye televisheni mchezaji amekaa mbali na skrini, ameshika pedi ya kuchezea na hana kishale, kwa hiyo ni lazima wakati wote kuwe na kitufe kimoja kilichoteuliwa, nacho kitambulike bila kutegemea rangi peke yake, maana wachezaji wasiotofautisha nyekundu na kijani ni wengi. Mbunifu aamue pia kama mchezaji akisukuma kulia kwenye kitufe cha mwisho uteuzi utarudi mwanzo au utabaki palepale. Na menyu ikifunguliwa adui akiwa karibu, je, mchezo usimame? Ukishaanza kujiuliza swali hilo la mwisho bila kukumbushwa, umeanza kufikiri kama mtu wa gemu.

Kuhusu zana, usizunguke. Chagua injini moja, yaani programu ya kujengea gemu, kati ya Unity, Unreal na Godot, ukae nayo. Godot ni ya bure na msimbo wake uko wazi tangu mwaka 2014. Unreal ina mfumo wa Blueprint unaokuwezesha kuunganisha kanuni za mchezo kwa visanduku na mistari bila kuandika msimbo. Blender, ambayo nayo ni ya bure, inatosha kwa maumbo ya pande tatu. Aliyezoea picha za pande tatu za matangazo akumbuke kwamba picha yake moja iliweza kuchukua saa nzima kukamilika, ilhali gemu inayokwenda kwa picha 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 tu za kuandaa kila picha.

Kisha maliza kitu kidogo. Nasisitiza neno maliza, kwa kuwa gemu kubwa iliyoachwa njiani haimshawishi mwajiri yeyote. Yapo matukio ya kutengeneza gemu kwa muda mfupi: Ludum Dare, iliyoanza mwaka 2002, humpa mshiriki anayefanya kazi peke yake saa 48, na Global Game Jam, iliyoanza mwaka 2009, hukukutanisha na watayarishaji wa programu na watu wa sauti ambao huenda wakawa wenzako kazini. Kilichopatikana kiweke kwenye itch.io, tovuti ya kuchapishia gemu, ili kichezwe moja kwa moja kwenye kivinjari. Mpe mtu asiyekijua, keti nyuma yake, unyamaze. Utatamani kumwambia abonyeze wapi, usimwambie. Andika pale alipokwama, rekebisha, umtafute mwingine.

Kumbukumbu hizo ndizo uti wa mgongo wa jalada lako la kazi. Kazi tatu zinazochezeka, zikiambatana na maelezo mafupi ya ulichojaribu, kilichoshindikana na ulichobadilisha, zina uzito kuliko picha thelathini za kupendeza. Za zamani usizifute. Bakiza mbili zinazogusana na nafasi unayoiomba, na hakikisha hazivunji makubaliano ya usiri uliyotia saini na wateja wako.

Usiache kazi uliyonayo mapema. Miaka ya 2023 na 2024 kampuni nyingi za gemu zilipunguza wafanyakazi, na hivyo unashindana na watu wenye uzoefu waliorudi sokoni. Jiandae pia kuanza kwa cheo na mshahara wa chini kuliko ulioacha. Ukiitwa, huenda ukapewa jaribio la kufanyia nyumbani. Uliza mapema ni la saa ngapi na kama lina malipo. Likihitaji wiki mbili za kubuni hatua nzima ya gemu yao bure, pendekeza kwa adabu kipande cha siku moja, na wakikataa, endelea na ombi linalofuata.