Ukifungulia wageni bustani yako, anza na viatu vyao

Wenzangu wa Mbeya na Njombe mnaokaribisha watu kutembelea bustani za nyumbani, tafadhali wekeni karai na brashi getini. Wageni wengi huku wanatoka kwenye viazi, na udongo ulioganda kwenye soli unasafirisha mnyauko bakteria, ugonjwa wa mimea unaoletwa na bakteria wa udongoni. Ukishaingia, viazi, nyanya na bilinganya vyote viko hatarini, na hauna dawa ya kuutibu. Mgeni akwangue tope kwanza mpaka soli ionekane, ndipo akanyage maji ya klorini. Penye tope klorini inaisha nguvu. Maji yakichafuka, badilisha. Msione haya kumwomba hata mzee wa heshima, mwenyeji atangulie tu kusafisha vyake. Wakati wa mvua mwageni maranda njiani, watu wasikwepe utelezi kwa kukanyaga matuta.